Shimo la Roza za Ndevu

Nianze kwa kujisifu, maana nikianza kwa unyenyekevu watu wa mtaa wetu watasema nimeandikiwa na mtu mwingine. Nina roza ambazo sijaziona kwa mtu yeyote hapa Butembo. Kama yupo mwenye kuwa nazo, aje na boîte yake, kopo lake la kupandia, tulinganishe. Ni miti mifupi, haifiki kwenye goti langu, na ua lake ni dogo, linakaa ndani ya kijiko cha kukorogea chai bila kugusa ukingo. Katikati limekolea wekundu, pembeni limepauka.

Lakini ua lenyewe silo linalonipa kiburi. Ni tumba, pale ua linapokuwa bado limejifunga. Tumba lake limevaa manyoya ya kijani, mafupi na mengi, kama ile mimea laini inayoota juu ya mawe ya kijito, na manyoya hayo yanashuka mpaka kwenye kikonyo. Ukiyagusa yananata. Vidole vyako vitanuka utomvu wa sipresi mpaka jioni, hata ukinawa kwa sabuni. Majirani waliziita roza za ndevu kwa kunicheka, nami nikalipenda jina hilo, nalitumia mpaka leo.

Miti mitatu ya kwanza nilipewa Lubero na sista mzee aliyenifundisha kushona. Alikuwa anahamishwa, nami nilikwenda kumuaga na lita mbili za asali. Akanitolea boîte tatu za maziwa ya unga, kila moja na mti wake ndani. Akaniambia, “Hizi zina wivu. Ukizisahau wiki moja, zitakununia mwezi. Na usizifiche. Uoneshe watu.” Nilizileta Butembo nimezibana katikati ya miguu, ndani ya gari lililojaa viazi na kabichi, na kila shimo la barabara nililihisi tumboni kama mwenye mimba. Tulipofika zilikuwa nyekundu kwa vumbi, na mimi vilevile. Niliziogesha zenyewe kwanza, mimi nikafuata.

Nilizitunza, jamani. Niliweka mbolea ya simbilisi, wale wanyama wadogo tunaowafuga jikoni, iliyokauka vizuri, maana ile mbichi inaunguza mizizi. Asubuhi, baridi ikiwa bado imeshika bati, nilipangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja. Vidudu vya kijani vikija, niliviosha kwa maji ya sabuni. Nilikuwa nashona sare za shule kutwa nzima, macho yananiuma, lakini nikifungua mlango wa nyuma na kuziona pale ukutani, moyo wangu ulikuwa unasimama wima.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni kuzizalisha. Miaka mitatu nilikata vijiti, nikavipanda, vikafa. Niliviweka katika mchanga, vikageuka vyeusi. Niliviweka katika chupa ya maji, vikaoza. Mtu wa Lubero akanifundisha nichomeke kijiti ndani ya kiazi, ndipo nizike kiazi na kijiti chake pamoja. Nilifanya hivyo, na miezi mitatu baadaye nilivuna viazi. Mume wangu alivila akicheka mpaka akapaliwa. Basi nilibaki na ile miti mitatu, na nilijua kwamba siku miti hiyo ikifa, hadithi imekwisha.

Mwaka ambao ninausimulia, mama yangu mzazi alikuwa amekuja kukaa kwetu. Yeye ni mtu wa Mabalako, upande wa Beni, kule chini kwenye joto, ambako ndizi zinakua zenyewe mpaka unachoka kuzitazama. Aliondoka kwa sababu ya vita, na sufuria moja, na nguo alizovaa. Aliacha shamba la ndizi ambalo alilitunza tangu kabla mimi sijazaliwa. Na si shamba la mchezo. Ule ugonjwa wa ndizi ulipoingia, ule unaokausha majani na kuiozesha ndizi ikiwa bado mtini, waagronomi, mabwana shamba, walikuja kufundisha watu katika shamba la mama. Walimpa kazi ya kukagua mashamba ya majirani zake. Alikuwa na mti wake wa panda, mrefu, wenye ncha iliyogawanyika mbili, wa kuvunjia lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, maana ugonjwa unaingilia pale. Alijua somo lote kwa moyo, kama watu wanavyojua Baba Yetu: vunja tumba mapema, ukikata kwa kisu, kichome kwanza motoni, kata chini mbali na mahali palipougua, zika, baada ya wiki tano rudi utazame kama ulichozika kimechipuka, na kama kimechipuka, ng'oa.

Wiki ya kwanza kwetu alikata panda mpya kwenye mti wa mpera wa jirani. Nilimwuliza ya nini, na sisi hatuna hata mgomba mmoja. Akasema, “Mukono yangu imezoea kuishika.”

Mimi nikamwambia, “Mama, pumzika. Umetumika kazi sana.” Nilidhani namheshimu. Akitaka kupika, namnyang'anya mwiko. Akitaka kufua, naita mtoto. Kazi iliyobaki ilikuwa kufagia, naye akafagia uwanja asubuhi, akaufagia tena mchana, mpaka udongo ukang'aa. Nilikuwa naona, lakini sikuelewa nilichokuwa naona.

Basi ikaja Kwaresima. Katika parokia yetu kila shirika la mtaa lina zamu yake ya kupamba altare, na mwaka ule Pasaka iliangukia kwetu. Mashirika mengine huweka maua ya plastiki, yale yanayooshwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa kwenye kamba pamoja na soksi. Katika mkutano wa bamama wote mimi nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema, “Mwaka huu Bwana atafufuka katikati ya maua yenye kupumua.” Mama mmoja wa shirika la pili, ambaye mimi na yeye hatujawahi kukubaliana hata juu ya mvua, akasema, “Aka! Tutaona.” Nikamjibu kwamba ndiyo, ataona, na aje na miwani.

Na roza zangu zilikuwa zimenisikiliza. Jumapili ya Matawi miti mitatu ilikuwa na matumba arobaini na moja. Niliyahesabu mara mbili. Yote yalikuwa yamevaa ndevu zao, na machache yalikuwa yameanza kuonesha mstari mwembamba wa wekundu. Nilipiga hesabu ya siku: yangefunguka Jumamosi usiku au Jumapili alfajiri, sawasawa na Aleluya.

Jumatano nilikwenda kupeleka sare kwa mteja. Niliporudi, jua liko juu, mama alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri. Mikono yake ilikuwa imenawishwa kwa majivu, safi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu afike kwetu.

“Binti yangu,” akasema, “nimekuokolea maua yako.”

“Kwani yalikuwa na nini, mama?”

“Ugonjwa mukali sana! Matumba yote ilishaota ukungu, inanata, inatoa arufu. Nilitaka kuvunja na panda, mais ile muti iko na miiba, haivunjike. Donc nilikata na kisu. Na kisu nilichoma mu moto, muti kwa muti, ili isiambukize. Nilikata chini, vidole ine, kama balivyotufundisha. Yote nimezika kule nyuma ya jikoni, na majivu juu. Usiogope, haijafika mu mizizi.”

Nilimpita mbio. Miti yangu mitatu ilikuwa imesimama pale ukutani imenyolewa kama watoto wanaoanza shule. Hata tumba moja hakuliacha. Mama yangu hafanyi kazi nusu.

Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki. Nilipiga kelele mpaka majirani wakazima redio. Nilimwuliza nani amemtuma. Nilimwuliza kama amewahi kuniona mimi nikiingia Mabalako kukata ndizi zake. Naye alikuwa anasema pole pole, “Mais ilikuwa na ugonjwa, mwanangu, ilikuwa na ugonjwa,” na hilo likanizidishia hasira. Ndipo nikasema neno ambalo nikilikumbuka leo bado nataka kulirudisha mdomoni kwa vidole.

Nikasema, “Hapa si kwako! Huna shamba hapa!”

Mama akanitazama kidogo, kisha akatazama miguu yake.

“Njo vile, ndivyo ilivyo,” akasema. “Sina.”

Akaenda akachukua ile panda yake iliyokuwa imeegemea ukuta, akaivunja juu ya goti, akaisukuma ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, chini ya sufuria ya maharagi. Ilikuwa imekauka vizuri, iliwaka upesi. Maharagi yale niliyala jioni bila kusikia ladha yake.

Pasaka tuliweka maua ya plastiki. Tuliyaomba kwa shirika la pili, ndiyo, kwa mama yule yule. Aliyaleta mwenyewe ndani ya beseni, akauliza kwa sauti tamu, “Mama, haya yanapumua?” Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Na niseme ukweli wote: hata pale kanisani, Aleluya inaimbwa, nilikuwa bado namlaumu mama. Alikuwa amekaa benchi ya nyuma kabisa, na sikugeuka kumtazama.

Baada ya hapo nyumba ikaingia ubaridi. Mama hakununa, hapana. Alisalimia, alikula, alisema asante. Lakini hakugusa fagio tena. Alichukua kiti chake akakiweka upande wa barabara, mgongo kwenye uwanja, akawa anatazama pikipiki zinavyopita na vumbi lake. Siku moja nikamsikia anamuuliza jirani kama Fuso za Mangina, yale malori ya upande wa kwao, zimeanza tena kushuka. Jirani akasema ndiyo, watu wanarudi kidogo kidogo, wanavuna kakao mchana na jioni wanatoka haraka.

Nilijua habari za wale wanaorudi. Mwanamke wa kijiji chao, ambaye mama alikaa naye kanisani miaka yote, alirudi kuangalia shamba lake wiki moja tu, na hakuonekana tena. Mama alijua kuliko mimi. Na bado alikuwa anauliza Fuso.

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. “Nisamehe,” herufi nane, mtoto wa darasa la kwanza anaziandika. Mimi nilishindwa. Badala yake nilimnunulia kitenge kipya, kizuri, nikampa kama vile nimekumbuka tu. Akasema, “Wasingya, asante, binti yangu,” akakikunja, akakiweka juu ya furushi alilokuwa ameanza kufunga. Akasema atakivaa kule Mabalako, akirudi. Nilimwomba mume wangu amzuie. Mume wangu, ambaye kwa kawaida huongea mara mbili kwa wiki, akaniambia, “Ni wewe ulifunga mlango. Ufunguo siko nao mimi.” Nilimkasirikia na yeye pia, kwa sababu alikuwa na haki.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama hangeomba kubaki, mimi singeomba abaki, na wote wawili tulikuwa tunalia kila mmoja chumbani kwake.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa imenyesha. Furushi lilikuwa mlangoni limefungwa, Fuso ingepita saa mbili pale kwenye kona. Mimi nilikuwa nimemfungia chakula cha njiani, najiambia sasa nitasema, sasa nitasema. Mama akavaa kandambili zake, akachukua jembe.

“Unaenda wapi na jembe, mama?”

“Kuangalia lile shimo. Wiki tano imetimia leo. Kazi haiachwe katikati.”

Akazunguka nyuma ya jikoni. Mimi nikabaki na mfuko wa chakula mkononi. Kisha nikasikia sauti yake, kubwa, ile sauti ya shambani ambayo tangu afike Butembo sikuwa nimeisikia:

“Yesu wangu! Kuya! Kuya mbio! Ugonjwa umefufuka!”

Nilikimbia nikapoteza kandambili moja kwenye matope. Mama alikuwa amesimama juu ya shimo lake, jembe limeinuliwa, tayari kumaliza adui. Mvua ilikuwa imeosha majivu na ule udongo mwepesi aliofunikia. Na pale, katikati ya vijiti vingi vilivyooza, kulikuwa na vichipukizi. Vilikuwa saba. Vilikuwa na urefu wa kidole gumba, na majani madogo mekundu yenye meno pembeni, yale majani ninayoyapangusa kila asubuhi.

Nililishika jembe kwa mikono miwili.

“Mama, usiguse! Nakuomba, usiguse!”

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikafukua kando ya kimoja kwa ukucha, taratibu, mpaka nikaona: mizizi myeupe, mipya, imeshika udongo. Nikaanza kucheka, kisha kumbe nalia, na mama amesimama na jembe lake anashangaa kama nimerukwa na akili.

“Miaka mitatu, mama,” nikamwambia. “Miaka mitatu nilijaribu hii kitu. Mchanga, chupa, viazi! Hata kimoja hakikushika. Na wewe umevizika kama takataka na vimeota saba!”

“Kwa hiyo haikuwe ugonjwa?”

“Hapana, mama. Njo ndevu zake. Zinazaliwa nazo. Hiyo njo uzuri wake.”

Mama akateremsha jembe. Akainama, akatazama sana, akagusa jani moja kwa ncha ya kidole. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

“Na uliniambiaka lini?”

Alikuwa amekaa kwangu miezi minne. Nilikuwa nimewaonesha roza zile bamama wa shirika, wateja, muuza makaa, hata askari aliyeomba maji ya kunywa nilimsimamisha nikamnusisha vidole. Sista alisema nioneshe watu. Mama yangu mzazi nilimwambia apumzike.

Fuso ikapiga honi kwenye kona.

“Nisamehe, mama,” nikasema. Lilitoka hivyo hivyo, nikiwa nimepiga magoti, mguu mmoja hauna kandambili. “Nisamehe. Nilikuambia huna shamba hapa. Nilidanganya. Shamba lako ni hili.”

Akatazama mahali penyewe. Toka ukuta wa jikoni mpaka kwenye uzio wa majani ni hatua sita, na upana wake ni tatu. Shamba lake la Mabalako ukilizunguka asubuhi unarudi ukiwa na njaa.

“Kadogo,” akasema.

“Kadogo, mama.”

Honi ikapigwa mara ya pili, ndefu. Mama hakugeuka. Alikuwa anapima kitu kwa macho, kutoka kwenye vichipukizi mpaka ukutani, na kutoka ukutani mpaka juu ambako jua lilikuwa linaanza kutokea.

“Ile boîte zako zitoke pale,” akasema. “Zinazuia jua.”

Nilizitoa. Nilitoa na pipa, na mawe ya kufulia, na kama angesema nivunje jikoni ningevunja. Fuso ilikwenda na ndugu wengine, Mungu awalinde. Furushi mama alilifungua mwenyewe, mchana, na kile kitenge akakivaa siku ile ile kwa kupalilia, kikajaa matope, nami sikusema neno.

Leo nyuma ya jikoni kuna miti ishirini na sita. Kila mwaka anakata vijiti vya vidole vinne, anachoma kisu kwanza motoni, anazika katika shimo lake na majivu juu, na vinashika. Nimemwambia kwamba kisu si lazima kukichoma. Aliniuliza ni nani kati yetu aliyevuna viazi. Alikata pia panda nyingine kwenye ule mti wa mpera. Sasa anaitumia kuegemezea matawi yaliyoelemewa na maua.

Zamu yetu ya altare ilipozunguka tena, ilikuwa Pentekoste, roza za ndevu zilijaa pale mbele, na harufu ya utomvu ikashuka mpaka kwenye mabenchi ya wanaume. Yule mama wa shirika la pili alikuja na miwani, nasema kweli, alikuja nayo. Alisogea, akagusa, akanusa vidole vyake. Akaniuliza hizi nimezipata wapi. Nilisimama, kama kawaida yangu bila kuambiwa, na nikasema mbele ya wote kwamba ni za mama yangu, mtu wa Mabalako, na kwamba ni mkulima. Kifua kilinijaa mpaka nikaona vifungo vya blauzi yangu vitaruka. Nimejivunia mambo mengi katika maisha haya, mengine bure kabisa, lakini lile silitubu hata siku ya mwisho.

Sasa wageni wakija kuona roza, hawaniulizi mimi tena. Mama anawapeleka nyuma, anawasimamisha mahali anapotaka yeye, anawashika mkono kama watoto. “Gusa,” anasema. “Nusa vidole. Iko ugonjwa? Haiko ugonjwa. Njo uzuri wake.” Kisha anawaonesha kila kitu kwa mkono, kutoka ukuta wa jikoni mpaka kwenye uzio, hatua sita kwa tatu, na anawaambia, “Hii njo shamba yangu.”

Mimi nasimama nyuma yake na ndoo ya maji.